Kusafiri Arusha na Moshi bila kula cha mnyama: mwongozo kwa anayeanza

Desemba ikikaribia, maswali huwa ni yale yale. Nikifika ukweni Marangu nikachinjiwa mbuzi, nifanyeje? Chai ya maziwa ya shangazi nayo niikatae? Mchango wa harusi unakwenda kununua ng'ombe, nitoe au nisitoe? Wanaouliza ni watu wa kwetu hapa hapa, walioacha nyama, samaki, mayai, maziwa na asali kwa ajili ya kumhurumia mnyama, na sasa wanapanda kaskazini kwa sherehe, msiba, kazi au mlima.

Chakula chenyewe si shida kubwa. Kilimanjaro na Arusha zimejaa ndizi, maharage, parachichi na mboga za majani za kila aina. Penye uzito ni kwa watu. Mtu anakupenda, kakuandalia, na kukataa kwako kunamuumiza. Ndiyo maana nitarudia jambo moja karibu kila hatua: sema mapema, kabla mnyama hajachinjwa na kabla sufuria haijapanda jikoni.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

- Vidonge vya vitamini B12. Mimea haina B12 ya kutegemewa, na hili halina mjadala, uwe safarini au nyumbani.
- Karanga, korosho au siagi ya karanga ya kukutosha siku mbili. Hii ni akiba ya siku mambo yakienda kombo.
- Bakuli lenye mfuniko, kijiko na kisu kidogo cha kukatia parachichi.
- Namba ya simu ya mtu anayepika. Aliyekualika mara nyingi haingii jikoni, na ujumbe wako utaishia kwake.
- Zawadi ya kufikia: mchele, sukari, majani ya chai, mafuta ya alizeti. Faida ya mafuta utaiona kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 1: Weka mipaka yako ukiwa bado kwako

Vegan Society, chama kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1944, kinaeleza uvegani kuwa ni kuepuka kuwatumia na kuwatesa wanyama kadiri inavyowezekana na kutekelezeka. Kipande hicho cha mwisho ndicho cha kusafiri nacho. Chukua karatasi, andika makundi matatu.

La kwanza, visivyoingia mdomoni kwa hali yoyote. La pili, utakavyovumilia ukiwa njiani: sufuria iliyopikia nyama jana, mwiko uliogusa mchuzi, mafuta yaliyokaangia kuku. La tatu, usivyohoji kabisa, na hapa weka dawa. Kapsuli nyingi zimetengenezwa kwa gelatini, inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Ukiandikiwa dawa ya malaria au ya maambukizi, meza dawa upone.

Kila mtu ana mstari wake. Mimi chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta ya kuku sili, lakini ugali uliosongwa kwenye sufuria ya nyama iliyooshwa nakula bila kuuliza, kwa sababu kuukataa hakumwokoi mnyama yeyote, na mama wa watu ana sufuria moja.

Onyo: mstari usihame kwa sura ya mwenyeji. Ukinywa chai ya maziwa kwa shangazi kwa kuona haya, kisha ukaikataa kwa mama mkwe, habari itavuka mto kabla yako, na itatafsiriwa kwamba umemdharau mmoja.

Hatua ya 2: Mwambie mwenyeji kabla hajanunua kitu

Piga simu au tuma ujumbe wiki moja kabla. Mfano huu unafanya kazi:

"Shikamoo mama. Tunafika Ijumaa jioni, Mungu akipenda. Nina ombi moja: nimejiwekea mwiko wa kila kitokanacho na mnyama, yaani nyama, kuku, samaki, dagaa, mayai, maziwa na samli. Ndizi, maharage, ugali, mchicha na parachichi nakula sana. Naomba usichinje kwa ajili yangu. Nakuja na mchele na mafuta, tutapika pamoja."

Taja kitu kimoja kimoja. Ukisema tu "sili nyama", utawekewa kuku, ukikataa kuku utaletewa yai, na kila ukikataa mtu anarudi jikoni na aibu zaidi. Taja pia unavyokula, tena uvitaje vingi, ili anayesikia asidhani anapokea mgonjwa. Na neno mwiko linaeleweka kila kijiji, maana koo nyingi zina miko yao, na watu wamezoea kuiheshimu hata wasipoijua sababu.

Wengi huuliza kama wanaweza kusingizia daktari au aleji. Nasema hapana. Kwanza ni uongo kwa mtu anayekupa chakula chake. Pili, uongo huo unamfanya atatue shida isiyokuwepo: daktari kakukataza nyama nyekundu? Basi karibu samaki. Tumbo halipatani na maziwa mabichi? Haya, hii ni mgando. Utajikuta unatunga uongo wa pili na wa tatu, na mwaka ujao huwezi kukumbuka ulisema nini.

Hatua ya 3: Njiani

Basi la kutoka Dar likisimama Korogwe au Mombo, muda ni mfupi na foleni ni ya chipsi kuku. Nenda moja kwa moja kwenye matunda, au agiza chipsi kavu na kachumbari kama mafuta yaliyokaangia kuku yamo kwenye kundi lako la pili. Mahindi ya kuchoma na mihogo ni salama karibu kila mahali. Maandazi na chapati uliza, kwa kuwa wengine hukandia maziwa, mayai au samli.

Hatua ya 4: Kula kwa mama ntilie

Kuanzia Soko la Kilombero na Soko Kuu pale Arusha hadi Mbuyuni kule Moshi, chakula cha mchana cha bei nafuu ni wali maharage, ugali na mboga za majani, makande. Karibu kila siku kuna kitu chako. Fuata utaratibu huu:

a) Fika mapema, kama saa tano hivi asubuhi. Wakati huo vyungu havijachanganyika, na mpishi ana nafasi ya kukujibu. Saa saba kila mtu ana haraka, na upawa mmoja unahama kutoka mchuzi wa nyama kwenda kwenye maharage.

b) Ongea na anayepika. Anayehudumia atakujibu "hakuna nyama humo" kwa nia njema tu.

c) Uliza kwa kutaja: "Mama, shikamoo. Maharage haya umeunga na nini?" Akisema mafuta na nazi, endelea: "Hukutia supu ya ng'ombe wala kiungo cha pakiti?" Viungo vya mchuzi vya pakiti vingine vina mafuta au unga wa nyama, hivyo ukipata pakiti, isome.

d) Kabla hajapakua, sema usiwekewe mchuzi. Watu wengi husahau hapa. Sahani ya wali maharage humwagiwa mchuzi wa nyama juu kama upendo, bila kuulizwa, na mama huyo hakutozi hata senti.

e) Agiza chai ya rangi kwa jina lake. Ukisema chai tu, huku juu kwenye ng'ombe wengi wa maziwa, mara nyingi utaletewa ya maziwa.

Mboga za majani zina mtego wake. Nazi na karanga kwenye mchicha au kisamvu hazina tatizo. Dagaa waliosagwa ndio tatizo, na maziwa. Mnafu wa huku hupikwa hivi: majani yanachambuliwa, yanachemshwa, maji machungu yanamwagwa, kisha yanarudi jikoni na kitunguu, na mwisho maziwa yanamiminwa ili uchungu upoe. Kwa macho ni mboga ya majani tu. Omba yako itolewe kabla ya maziwa.

Uji nao uulize. Unga wa lishe mara nyingi una mchanganyiko wa nafaka, soya na karanga, lakini wapo wanaotia dagaa. Uji wa ulezi mtupu ni mzuri, mradi usitiwe maziwa au siagi.

Migahawa ya Kihindi mjini ina vyakula vingi visivyo na nyama, ila dengu huungwa kwa samli na mtindi haukosi. Omba mafuta badala ya samli. Migahawa ya Kihabeshi ina chakula cha mfungo, na hicho kwa kawaida hakina nyama, maziwa wala mayai. Waambie unataka cha mfungo, wataelewa mara moja. Wasabato nao, na wako wengi maeneo ya Usa River, wanaielewa habari ya kutokula nyama, ingawa kwa wengi wao mayai na maziwa yapo mezani.

Hatua ya 5: Ukweni na kijijini

Hapa ndipo penyewe, soma pole pole.

Kwa Wachaga mnyama akichinjwa, nyama haigawiwi ovyo. Kila fungu lina mwenyewe kwa nafasi yake katika ukoo, na fungu lako ni namna ya kukuambia kwamba wewe ni wa hapa. Ukilikataa mbele ya watu, wazee husikia kwamba umeikataa nafasi hiyo. Kwa hiyo, pamoja na kumwambia mama jikoni, tafuta mzee mmoja wa upande wako, baba mdogo au shemeji mkubwa, mweleze kabla ya siku. Yeye ndiye atakayesema kwa niaba yako, na neno lake lina uzito kuliko lako.

Je, upokee fungu umpe mtu mwingine? Wenzangu wengine wanasema kupokea ni kushiriki. Mimi naona hivi: kama mnyama alikuwa achinjwe hata usingekuwepo, pokea kwa mikono miwili, shukuru, umkabidhi hapo hapo bibi au mtoto wa nyumba. Kama anachinjwa kwa sababu yako, hilo ulitakiwa kulizuia kwenye hatua ya 2, na ukiona kamba ya mbuzi mlangoni siku ya kufika, bado hujachelewa kusema.

Halafu ingia jikoni. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini wewe usingoje ya tatu. Vaa kanga au jifunge leso, menya ndizi, toa yale mafuta ya alizeti uliyokuja nayo. Ukiwa na mafuta yako mkononi, swali la samli linaisha lenyewe. Omba mpike kiburu, ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja. Bibi yeyote wa mlimani anakijua tangu utoto, na atafurahi kuombwa chakula cha zamani kuliko kuombwa chakula cha kigeni. Machalari nayo huwezekana bila nyama: ndizi mshare, nyanya, kitunguu, karoti, nazi. Mtori acha, kwa kuwa nyama ndiyo roho yake, na wa bila nyama utamchosha mpishi bure.

Kama unatumia kilevi, mbege ni ya ndizi na ulezi, haina cha mnyama. Kukaa na wazee kibuyu kikizunguka kunarudisha sehemu kubwa ya kile ulichokikataa kwenye nyama. Kama hutumii, kaa nao hivyo hivyo.

Onyo kubwa: usimhubirie bibi kuhusu ng'ombe wake. Kihamba cha mlimani, yaani shamba la nyumbani la Mchaga, kimejengwa hivi: ng'ombe anafungwa bandani, anakatiwa majani na migomba, samadi yake inarudi shambani, na hiyo ndiyo inayolisha migomba na kahawa. Ndizi unayoisifu imekua juu ya samadi hiyo. Mimi bado naamini mnyama hakuumbwa kwa ajili ya banda, na naliwaza hili kila ninapopanda mlimani. Lakini anayetegemea kihamba cha nusu eka kumlisha yeye na wajukuu si mtu wa kuanza naye. Akikuuliza mwenyewe, mjibu kwa ufupi na kwa ukweli.

Kwa jamaa wa Kiarusha, Kimeru na Kimaasai maziwa ndiyo ukarimu wenyewe, na loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, ndiyo hupewa mgeni. Mbinu ni ile ile: simu mapema, mwiko, na mzee wa kukusemea. Omba utengewe mahindi kabla hayajachanganywa.

Hatua ya 6: Harusi, msiba na michango

Kamati ikikuletea kadi ya mchango, pesa yako inaingia kwenye kapu moja na ng'ombe. Kutotoa kabisa ni kujitoa kwenye ukoo, na siku yako ikifika utakuwa peke yako. Njia ninayoipendekeza ni kumpigia mwekahazina mapema, umwombe ubebe kitu kinachotajika: maji, soda, matunda, viti na turubai, au mchele wote wa shughuli. Toa sawa na wengine au zaidi kidogo, ili asitokee wa kusema kwamba mwiko wako ni ubahili. Msibani fanya vivyo hivyo kwa gunia la mchele au maharage, na huko usieleze sababu. Wafiwa wana mengi.

Kwenye sherehe yenyewe, pilau karibu kila mara imepikwa na nyama. Wali mweupe, kachumbari na matunda ndivyo vyako. Mpigie mpishi siku tatu kabla akutengee maharage au mboga. Na kama wewe ni bwana au bibi harusi, suala la ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, lizungumzeni na pande zote mbili miezi kabla. Usingoje ukumbini, kipande kinakuja mdomoni na kamera zote zimekugeukia.

Hatua ya 7: Mlima na hifadhi

Ukipanda Kilimanjaro, chakula cha siku zote hununuliwa mjini kabla ya geti. Ukigundua kambini kwamba supu ni ya pakiti yenye kuku, hakuna duka la kukuokoa. Kutana na mpishi wa safari siku moja kabla, pitieni chakula siku kwa siku. Asubuhi uji, parachichi na mkate (soma pakiti yake), mchana ndizi au viazi na karanga, usiku wali, maharage, makande. Siagi ya karanga inabeba nguvu nyingi kwa uzito mdogo.

Begi la kulalia lenye manyoya ya bata na viatu vya ngozi hukodishwa mno. Lipo la nyuzi za viwandani, lakini liombe mapema na ulikague. Usikubali jepesi kwa ajili ya msimamo, maana usiku wa juu ni chini ya sifuri.

Sasa wapagazi. Anayemhurumia kuku hawezi kufumba macho kwa mtu anayebeba hema lake. Mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20, na upimwe getini ukiona. Uliza kampuni inawalipa na kuwalisha vipi. KPAP, shirika lenye ofisi Moshi, linafuatilia hayo, na unaweza kuwauliza kabla ya kuchagua kampuni. Pia usiwalazimishe wale kama wewe kwa sababu tu wewe ndiye unayelipa. Mtu anayebeba mzigo kutwa ale ugali wake na anachokitaka.

Hatua ya 8: Manunuzi

Hii ni rahisi. Soko la Kimaasai Arusha lina shanga nyingi zilizoshonwa kwenye ngozi, pindua uangalie nyuma. Vitenge, batiki, vikapu na kahawa havina shida. Kupanda ngamia au farasi, na kulipia kuona nyoka kwenye vizimba, mimi siendi. Viatu vya ngozi vya mtumba sina ugomvi navyo, pesa yake haimrudii mfugaji wala mchinjaji.

Ikikwama

*Umefika, mbuzi ameshachinjwa kwa heshima yako.* Haiwezi kurudi nyuma. Shukuru, sema mwiko wako kwa sauti ya chini kwa mama wa nyumba, kula ndizi na kachumbari, fungu lipe wenyeji. Kabla ya kuondoka, mwombe kwa upole kwamba safari ijayo asichinje.

*Umekula nusu sahani ukagundua kuna maziwa.* Weka kijiko chini taratibu, kula vingine. Usitangaze mezani. Kesho ingia jikoni kabla ya kuungwa.

*Mwenyeji hana kitu isipokuwa maziwa.* Usimwaibishe. Toa ulichobeba kama zawadi ya nyumba, mle wote pamoja, uombe maji ya moto na majani ya chai.

*Bibi anampa mwanao maziwa.* Usimpokonye mtoto kikombe. Mweleze bibi pembeni kwa nini na mtoto anakula nini badala yake, tena mpe kazi hiyo yeye: awe ndiye anayempondea mjukuu parachichi na kumchemshia uji. Mtoto mdogo asiyetumia maziwa awe na ushauri wa daktari au mtaalamu wa lishe kabla hamjasafiri.

*Wanakucheka.* Cheka nao, endelea kula. Siku ya pili wamezoea.

*Unaondoka, umepewa kuku hai wa kwenda naye.* Hii inatokea sana, na ni heshima kubwa. Pokea, shukuru, kisha omba abaki pale pale umwache chini ya uangalizi wa shangazi, na ukipiga simu umuulizie. Huna uhakika kwamba hataliwa. Wakisisitiza uondoke naye, omba tenga lenye hewa badala ya kumfunga miguu na kumning'iniza, mpe maji kila basi linaposimama, na kabla hujapanda hakikisha kuna jamaa mwenye ua aliyekubali kumfuga bila kumchinja.